Mkwe wa Kwenye Karatasi

Jumanne, 4 Novemba

Dokta Nalishebo ametugawia madaftari, kila mtu na lake. Anasema anayeugua ugonjwa usio wake tangu asubuhi mpaka saa tisa lazima apate mahali pa kuutua kabla hajarudi kwa watu wake. Bwana Jere akauliza kama anaweza kuutua kwenye chupa. Dokta hakucheka, kwa hiyo tunaandika.

Watu wananiita Mama Kasuba. Kwa miaka kumi na minane nilicheza na kikundi cha maigizo cha kitongoji cha mgodi hapa Ndola. Tuliigiza kipindupindu sokoni na ukimwi kwenye vilabu vya pombe, na watu walicheka, wakalia, wakaenda kupima. Wafadhili walipoondoka kikundi kikafa. Sasa chuo cha udaktari kinatutaka tuwe wagonjwa wa kuigiza, ili vijana wakosee kwetu kabla hawajakosea kwa wagonjwa wa kweli. Jere kapewa maumivu ya kifua. Mimi nilikuwa naomba moyoni nipewe goti.

Nimepewa msiba. Karatasi yangu inasema mimi ni Estele Mumba, nina mkwe anaitwa Loveness, miaka ishirini na mitatu, mimba ya miezi minane. Kichwa kimemuuma siku tatu. Uso na miguu vimevimba, anaona cheche mbele ya macho. Mimi nikasema ni joto la kabla ya mvua, nikampa maji ya ndimu, nikamwambia alale. Siku ya nne akashikwa na kifafa, ndipo nikamleta hospitali. Kisa kinaanza nikiwa nimekaa kwenye benchi nangoja. Mwanafunzi anaingia kuniambia Loveness amekufa.

Sikumwambia Dokta kwamba nyumbani kwangu kuna mkwe, na ana mimba ya miezi mitano.

Alhamisi, 6 Novemba

Wanafunzi sita. Nimefiwa mara sita. Joto kali.

Jumanne, 11 Novemba

Leo binti mmoja aliniambia, "Mama, tumempoteza Loveness." Dokta ametufundisha la kujibu. Nikamwuliza, "Mmempoteza wapi? Mmemtafuta?" Akaduwaa mpaka jasho likamtoka. Wanatakiwa waseme "amekufa", na neno hilo linawashinda watu waliopasua maiti miaka miwili.

Halijamshinda Siame. Siame ni kijana mrefu kutoka Nakonde, koti lake limepigwa pasi kama la bwana harusi. Alisimama mlangoni, macho kwenye saa ya ukutani, akasema: "Loveness Mumba amekufa saa nne na dakika kumi. Ni kifafa cha mimba. Pole. Una swali?" Mimi hata kulia sijaanza, yeye ameshashika kitasa. Sisi wagonjwa tuna upande wetu wa karatasi ya alama: je, ulijisikia umetendewa kama mtu? Nilimpa mbili kwa kumi, na moja kati ya hizo ni ya pasi.

Nyumbani mkwe wangu Mutinta aliniuliza leo huko chuoni naumwa nini. Nikamjibu goti.

Alhamisi, 13 Novemba

Nataka niandike jambo hili mara moja, nisilirudie. Machozi hayaji kwa sababu karatasi imesema yaje. Lazima mtu awe na sura ya kuitazama ndani. Zamani nilikuwa namtazama marehemu mama yangu, lakini nimemtumia miaka mingi, amekwisha kama kipande cha sabuni. Juzi mwanafunzi aliposema Loveness amekufa nilitafuta sura, na iliyokuja ni ya Mutinta, akiwa amekaa kwenye kigoda anachagua nguo za watoto za mitumba anazouza sokoni. Nikaanguka chini. Dokta Nalishebo alisema hajapata kuona kilio cha namna ile chumbani humo.

Tangu hapo naitumia hiyo hiyo.

Jumamosi, 22 Novemba

Mvua ya kwanza. Mutinta alitoka nje na ndoo akasimama tu, mvua inampiga usoni, anacheka peke yake. Ni Mtonga wa Choma, hasemi sana, na mwanangu Kasuba alipomleta nyumbani nilidhani ana kiburi. Kasuba yuko mgodini Solwezi, anakuja mara moja kwa mwezi, kwa hiyo kwa kweli mimi ndiye niliyeolewa na huyu binti. Usiku huwa anaimba kwa sauti ndogo akiosha vyombo, na akinisikia nakaribia ananyamaza.

Aliporudi ndani nilitazama miguu yake. Ndala zilikuwa zimeacha alama.

Jumanne, 25 Novemba

Kliniki wamesema presha imepanda kidogo. Apumzike, arudi baada ya wiki mbili. Nesi hakuonyesha wasiwasi. Mutinta hakuonyesha wasiwasi. Nilikuwa nimesimama pale na mkoba wake na nikahisi kama vile nimesikia mtu anasoma karatasi yangu kwa sauti.

Jumapili, 30 Novemba

Kila asubuhi namwuliza. Kichwa je? Macho je? Tumbo hapa juu je? Leo aliweka kikombe chini akasema, "Mama, mimi si mtuhumiwa." Alisema kwa upole, lakini alisema. Mchana Kasuba akapiga simu kutoka Solwezi. Kumbe ameshaambiwa. "Mama, acha kumbinyabinya mke wangu kama nyanya za sokoni." Nikamwambia namtunza. Akasema kutunza ni kumpikia, si kumkagua.

Alhamisi, 4 Desemba

Wakati wa chai nilimweleza Bwana Jere habari ya sura. Sijui kwa nini nilimchagua yeye. Labda kwa sababu ni Mngoni, mtani wangu, na mtani unaweza kumwambia kitu kisha ukajifanya ulikuwa utani. Alitafuna mkate wake, akasema watu wa kwao Mashariki wanajua kulia bila kumtumia mtu wa nyumbani, maana wanawalilia panya wanaowala. Nikamwambia mimi Mbemba, tunaosemwa kula nyani, nitamlilia nyani, basi. Tukacheka. Kisha akasema taratibu, "Tafuta sura nyingine, mama."

Nimejaribu. Nimejaribu sura ya dada yangu, ya mwalimu wangu wa darasa la tatu, hata ya mbwa wetu wa zamani. Machozi hayaji, na vijana wanalipiwa ada ili wayaone.

Jumanne, 9 Desemba

Mvua. Kliniki: presha ile ile. Nimefiwa mara sita.

Jumapili, 14 Desemba

Mutinta ameondoka.

Jana Jere alikuja na uyoga, kikapu kizima, bado una udongo. Alikuwa amechangamka. Mutinta alimletea maji, na Jere, mtu wa mizaha hata akiwa amelala, akamtazama tumbo akasema, "Kumbe ndiwe huyu? Binti, umeshiba kweli kwa mtu anayekufa kila Jumanne na kila Alhamisi."

Niliona uso wa Jere ukijua kilichotoka mdomoni kabla sisi hatujakijua. Alijaribu kukigeuza, akataja panya, akataja nyani. Mutinta aliweka gilasi mezani na kuniuliza mimi, si yeye, maana ya maneno hayo. Nilimweleza. Goti, benchi, Loveness. Ningeweza kuishia hapo. Lakini alikuwa ananitazama, na nimemdanganya zaidi ya mwezi, nikamweleza na sura pia.

"Umenizika mara ngapi, mama?"

Nikajikuta nahesabu. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba nilihesabu. "Sitini na sita," nikasema.

Hakupiga kelele. Leo asubuhi alifunga nguo zake katika vitenge viwili akaenda Luanshya kwa shangazi yake. Nilimfuata mpaka kituoni nikiwa nimebeba mwavuli. Hakuutaka. Alisema kwao mtu akifanya mazoezi ya kilio chako, anakionyesha kilio njia. Nami kila usiku naogopa hicho hicho.

Jumatano, 17 Desemba

Jere amekuja mara mbili. Sikufungua.

Alhamisi, 25 Desemba

Kasuba amekula Krismasi Luanshya. Alipiga simu, tukazungumza juu ya mvua. Nyuma yake nilisikia sauti ya Mutinta akiimba na sikumwambia nimeisikia.

Jumanne, 6 Januari

Chuo kimefunguliwa. Nilimwomba Dokta anipe goti. Akasema mtihani uko karibu, hana mwingine anayeweza msiba, nivumilie mpaka mwisho wa Februari.

Siame amerudi. Safari hii alivuta kiti, akakaa karibu hata magoti yetu yakagusana, akasema maneno yote ya kitabuni, moja baada ya jingine, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Nikampa tatu. Baadaye alinisubiri kwenye baraza, akaniuliza kosa lake ni lipi. Nilikuwa nimechoka na sikumwonea huruma. Nilimwambia, "Unatangaza kama mtu wa kituo cha basi. Aliyekufa si basi."

Alifikiri. Akanieleza kwamba alikuwa bwenini, darasa la tisa, mwalimu alipomwita mbele ya wenzake wakati wa mstari wa asubuhi, akamwambia mama yake amekufa, kisha akamwambia rudi kwenye mstari. "Nikarudi," alisema. Hakulisema kwa kutaka nimhurumie. Alilisema kama anajibu swali langu.

Ningekuwa bado na karatasi mkononi ningeongeza alama.

Jumapili, 11 Januari

Mvua siku ya tano. Umeme haupo. Simu haina chaji. Nawaza miguu ya Mutinta.

Jumatano, 14 Januari

Kasuba anasema Mutinta mzima, ila hajaenda kliniki ya Luanshya kwa sababu ya matope na foleni. Nikamwambia aende. Akasema, "Mama, tafadhali."

Jumatano, 21 Januari

Naandika ya Jumapili. Siwezi kuyaandika yote kwa mpangilio lakini nitajaribu.

Jumamosi jioni Kasuba alipiga simu kuniuliza habari ya bati la jikoni linalovuja. Katikati ya bati akasema Mutinta hapokei simu tangu Ijumaa, shangazi anasema analala tu, mwanga unamsumbua macho. Alilisema hivyo, kama habari ndogo. Nikamwuliza kichwa. Akasema ndiyo, na kichwa. Nilimwambia kesho naenda. Akasema nisiende, nitamkasirisha. Nadhani ndiyo mara ya kwanza tangu azaliwe kumkatia simu mwanangu.

Saa tatu asubuhi nilikuwa Luanshya. Shangazi alinipokea mlangoni, mwanamke mpana, mkono kwenye fremu. Alisema binti hataki kuniona. Nikamwambia sijaja kuonwa, nimekuja kuona. Alibaki pale pale. Nikapiga magoti kwenye matope mbele ya majirani zake, mimi mama mkwe, na nikamwomba. Sikuwa naigiza. Aliona aibu kwa ajili yangu akanipisha.

Mutinta alikuwa amelala chumbani, pazia limefungwa, kitenge juu ya macho. Nilipokiondoa sikumjua. Uso ulikuwa umejaa, macho yamekuwa mistari. Shangazi alisema ni kwa sababu ya kulia usiku. Nilimwuliza Mutinta anaona nini. Kwenye karatasi yangu ni cheche. Yeye alisema, "Kama mtu anachomelea chuma mlangoni. Mwambieni aache."

Kwa hiyo haikuwa kama karatasi. Nimeisema karatasi ile mara tisini hivi, na ilipokuja yenyewe ilikuja na maneno yake. Kama ningengoja neno "cheche" ningengoja mpaka leo.

Nikasema twende sasa hivi. Shangazi akataka kwanza tumpe maji, tumvalishe vizuri, tungoje mvua ipungue. Mutinta mwenyewe akasema hataki kwenda na mimi. Nikamwambia, "Nichukie ukiwa garini, mwanangu. Utanichukia vizuri zaidi." Jirani ana pikapu ya kubebea mkaa. Tulimlaza nyuma chini ya turubai, mimi na shangazi kila upande.

Hospitali ya pale nesi alimfunga kipimo mkononi, akatazama, akakifungua, akakifunga tena. Mia na tisini kwa mia na ishirini. Baada ya hapo hakuna aliyetembea, wote walikimbia. Walimpiga sindano, wakatupakia kwenye gari la wagonjwa twende Ndola hospitali kuu. Njiani kifafa kilimshika. Nesi alimgeuza ubavu na kuniambia nishike kichwa kisigonge chuma. Nilikishika. Ulimi, macho, mikono, sitaandika. Nimeigiza yanayokuja baada ya hayo mara nyingi hivyo, na sikuwahi kujiuliza Estele Mumba aliona nini kabla hajafika kwenye benchi.

Ndola walimwingiza chumba cha upasuaji. Nikakaa kwenye benchi. La chuoni ni langu peke yangu. Hili lilikuwa na watu wanane, mwanamke mmoja anamenya chungwa, na redio ya mlinzi inatangaza mpira.

Saa tisa Siame alitoka mlangoni. Sikujua kwamba zamu yake ya wodi ilikuwa wiki hiyo. Hakuwa na koti la pasi, alikuwa na nguo za kijani zilizolowa tumboni, na kofia ya karatasi imemteremka. Alisimama akanitafuta. Mimi nikamwona kabla hajaniona, na nikatamani asinione.

Benchi lilikuwa limejaa. Alikuja akachuchumaa mbele yangu, chini, kwenye sakafu yenye maji ya miavuli.

"Mama Kasuba," akasema. "Mutinta yu hai."

Kisha akasema, "Mtoto amekufa. Kondo la nyuma lilikuwa limeachia. Alikuwa wa kike."

Hakuniuliza kama nina swali. Alikaa amechuchumaa hivyo hivyo mpaka miguu yake ikaanza kutetemeka, na bado hakuondoka. Mimi nikangoja machozi. Nayafahamu, najua yanapoanzia, hapa chini ya koo. Hayakuja. Nilikuwa mkavu kama ubao. Nikamwuliza, "Amekula?"

"Bado, mama. Amelala kwa dawa."

"Tangu jana hajala."

"Nitawaambia wodini," akasema, na aliinuka akaenda kuwaambia.

Jumatatu asubuhi Mutinta alizinduka. Daktari mkubwa alisema ni kazi ya madaktari kumwambia, nikamwomba niwepo. Akamtuma Siame twende pamoja. Lakini tulipofika kitandani Mutinta hakumtazama Siame. Alinitazama mimi, mikono juu ya tumbo lililoshuka.

"Usinililie," akasema.

"Silii," nikasema. "Mtoto amekufa, mwanangu."

"Wa kike?"

"Wa kike."

Akageuza uso ukutani. Mkono mmoja aliuacha kitandani, kiganja wazi. Nikaweka wangu juu yake. Hakuufumba, na hakuuondoa.

Ijumaa, 23 Januari

Tumemzika mtoto jana. Kwetu mtoto kama huyu huzikwa na wanawake peke yao, bila matanga. Tulikuwa watano, pamoja na shangazi, ambaye alinishika kiwiko penye utelezi. Kasuba alisimama nje ya lango la makaburi kwenye mvua, hakuna aliyemwambia aende kujikinga.

Jioni aliniuliza. Alikuwa ameliweka swali hilo moyoni tangu afike. "Mama, ule mchezo wenu. Hauwezi kuwa ndio ulioita haya?" Nikamwambia sijui. Leo nilimwuliza daktari mkubwa swali lile lile kwa ajili yake, na kwa ajili yangu. Hakunicheka. Alisema ugonjwa huu ulianza kwenye kondo, wiki nyingi nyuma, hauna masikio. Alisema ningefika Jumatatu kungekuwa na makaburi mawili. Nayaandika maneno yake hapa niyasome nikizidiwa na hofu, maana nazidiwa.

Lakini kama nisingemfukuza kwa macho yangu angekuwa hapa Ndola, karibu na kliniki. Hilo sikumwuliza daktari.

Jumamosi, 31 Januari

Mutinta yuko nyumbani. Kwangu. Sikumwomba. Shangazi alitaka amchukue, Mutinta akasema Luanshya mbali na hospitali, na vidonge vya presha anatakiwa achukue kila wiki. Sababu ni hiyo tu, na naipokea.

Asubuhi nilimkuta Bwana Jere uani, anapasua kuni. Hakubisha hodi, alianza tu. Mtani ana kazi zake kwenye msiba, hata msiba usio na matanga. Alipika maharage mwenyewe, akatuletea, akasema bila kunitazama kwamba Wabemba hata maharage huyapika kama wanayaogopa. Mutinta alionja. Akasema chumvi imezidi. Jere akajibu hiyo ni jasho lake, asiilaumu chumvi. Mdomo wa Mutinta ulicheza kidogo upande mmoja. Nikamwambia Jere aingie ndani akae.

Jumanne, 10 Februari

Dokta Nalishebo alikuja nyumbani kutoa pole. Alinisema kwa kutomwambia mapema, kisha akajisema mwenyewe kwa kutoniuliza. Goti ni langu nikilitaka. Msiba ataufuta kwenye mtihani.

Mutinta alikuwa anasikia kutoka jikoni. Dokta alipoondoka aliniuliza, wale wanafunzi wakifutiwa kisa hiki, watajifunzia kwa nani. Nikasema kwa mtu kama mimi, kwenye benchi. Alikoroga nshima, ugali wetu. Akasema, "Yule mrefu aliniletea uji mwenyewe. Saa kumi na moja jioni, akaumwaga nusu."

Halafu akasema anataka kuona.

Alhamisi, 19 Februari

Leo ilikuwa zoezi la mwisho kabla ya mtihani. Dokta aliuliza mara tatu kama Mutinta ana hakika. Alikaa kwenye kona na walimu, akavua viatu kwa sababu bado vinambana.

Aliyeingia ni Siame. Alimwona Mutinta kabla hajafika nusu ya chumba. Alisimama. Nilidhani atatoka nje, na nisingemlaumu. Akaja, akavuta kiti, akanitazama mimi.

"Mama Mumba, nina habari mbaya." Akangoja nimtazame. "Loveness amekufa."

Nilitafuta sura. Ya Mutinta haikuja, isingeweza kuja. Mwenyewe alikuwa pale konani, anajikuna kisigino, ana presha mia na thelathini, yu hai. Ikabidi nimfikirie Loveness. Kwa mara ya kwanza nikamfikiria yeye mwenyewe, binti wa miaka ishirini na mitatu niliyempa maji ya ndimu akalale. Nikaona hata sijui nywele zake zilisukwaje. Nililia, si kwa kuanguka chini kama zamani. Siame hakugusa kitasa wala hakuvuta muda kwa maneno. Aliitazama saa mara moja tu. Nimempa saba.

Tulirudi kwa miguu, mvua ilikuwa imekatika. Mutinta alitembea polepole, nami nikaupunguza mwendo bila kumtazama miguu. Karibu na soko akasema, "Ungenililia vile?"

"Hapana."

Akasimama.

"Siku ile hospitalini sikulia kabisa," nikamwambia. "Nilijaribu. Siame aliniambia habari, mimi nikamwuliza kama umekula."

Nilidhani nimeharibu tena.

"Nilikuwa na njaa kweli," akasema. "Mama, njaa ile sijapata kuiona."

Kulikuwa na mwanamke anachoma mahindi mabichi kando ya barabara. Tulinunua mawili. Mutinta alimaliza lake tukiwa bado tumesimama pale, kisha akanyoosha mkono akachukua na langu.